SOMO: Kujua kama kimbunga kitakatwa na upepo wa juu (soma kwanza ndo uulize)

Wakuu salaam. Kila kikitajwa kimbunga huko upande wa Madagascar, inbox yangu inajaa swali lile lile, "kinakuja au kinakufa njiani?" Najibu mmoja mmoja mpaka simu inapata moto. Sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Kinachoua vimbunga vingi kabla havijatufikia ni upepo wa chini na upepo wa juu kutokwenda pamoja. Wenye fani wanaita windi shia. Mimi nitaita mkasi, maana nikiandika "shia" peke yake kuna watu wataanza mjadala wa madhehebu.

Kimbunga kinaishi kwa kusimama wima. Mvuke wa bahari unapanda, unageuka mawingu, unaacha joto lake huko juu ya kitovu, na joto hilo ndo linafanya presha ya chini ishuke na upepo uzidi kuvutwa ndani. Sasa upepo wa chini ukiwa unakokota kiwiliwili huku na wa juu, kule zinakopita ndege kubwa, unasukuma kichwa kule, lile joto linatawanyika na hewa kavu inapenya mpaka katikati. Fikiria pia ya mtoto, ikisimama wima inazunguka mpaka unachoka kuitazama, ila kichwa kikishaanza kuyumba ujue haikawii kulala.

Hatua ya 1. Angalia joto la bahari. Chini ya nyuzi 26.5, usijisumbue na zingine.

Hatua ya 2. Fungua Windy, ile app ya ramani za hali ya hewa, ya bure inatosha. Gusa kipimo cha upepo mpaka kisome km kwa saa.

Hatua ya 3. Buruta ile ngazi ya urefu mpaka 850 (hPa, kipimo cha presha ya hewa, ukipanda juu namba inapungua), ni kama kilomita moja na nusu juu ya bahari. Andika spidi na upande upepo unakotoka. Halafu panda mpaka 200, kama kilomita 12 juu, gusa palepale, andika tena.

Hatua ya 4. Kutafuta tofauti. Hapa ndo niliumbuka, someni taratibu.

Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuwa kinakuja upande wa Mafia na Dar. Mimi na daftari langu nikachukua spidi ya juu nikatoa spidi ya chini, nikapata kitu kidogo sana, nikatangaza kwa wavuvi wote ninaowajua kwamba mkasi hakuna, kinakuja kizima kizima. Kujiandaa ilikuwa sawa kabisa, mamlaka ya hali ya hewa (TMA) yenyewe ilishatoa tahadhari. Kosa langu ni kiherehere cha kuapa. Jobo kikakutana na mkasi na hewa kavu, kikadhoofika kabla ya kufika, na shemeji yangu mwenye mashua mpaka leo akiniona anauliza "profesa, leo tuvute vyombo juu?"

Kosa lilikuwa hili: upepo una spidi NA una upande, huwezi kutoa namba kama unatoa chenji. Mfano, chini unavuma 30 ukitoka mashariki, juu unavuma 30 ukitoka magharibi. Mimi nilikuwa naandika 30 kutoa 30, sifuri, kumbe mkasi wake ni 60! Chukua daftari la hesabu lenye vijiboksi, kijiboksi kimoja ni km 10. Weka nukta. Chora mshale wa upepo wa chini kuanzia kwenye nukta, kuelekea UNAKOKWENDA. Kutoka nukta ileile chora wa juu. Sasa unganisha ncha ya mshale wa chini mpaka ncha ya mshale wa juu, pima huo mstari. Urefu wake ndo mkasi, na unakoelekea ndo kichwa cha kimbunga kinakosukumwa. Chini 30 kwenda magharibi, juu 40 kwenda kusini, utapata 50. Ukipata 10 rudi uchore tena.

ONYO la kwanza: App inaandika upepo unakotoka, mshale unachorwa unakokwenda. Kaskazi inatoka kaskazini, sote tunajua, lakini mtu akishika kalamu anasahau.

ONYO la pili: USIPIME juu ya kimbunga chenyewe. Hapo utapima upepo wake mwenyewe. Toka nje kama km 400, pima nukta nne, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi yake. Mistari minne utakayopata iunge mkia kwa ncha, mmoja baada ya mwingine, pima kutoka mwanzo mpaka mwisho, gawa kwa nne. Mzunguko wa kimbunga chenyewe pande zinazotazamana unapingana, kwa hiyo kwa sehemu kubwa unajifuta.

Hatua ya 5. Mkasi chini ya 20, kimbunga kinastarehe. 20 mpaka 40, kinapambana. Zaidi ya 40, vingi vinaanza kuchechemea. Namba hizi si sheria, ni mazoea.

Hatua ya 6. Hakikisha kwa picha ya satelaiti. Kilichokatwa utakiona, mawingu meupe mazito yamelundikana upande mmoja, na upande wa pili kitovu kiko uchi, vimawingu vyembamba vya chini vinazunguka peke yao.

Maswali karibuni.

—

Dogo_wa_Mbagala: Mkuu kwa kifupi wiki hii mvua ipo au haipo? Nna kufua

Mwandishi: Somo la vimbunga hili. Mvua ya kufua angalia utabiri wa TMA.

Dogo_wa_Mbagala: sawa ila hujajibu

Mwandishi: Anua nguo.

binti_wa_Tanga: Asante kaka. Swali langu, Hidaya cha Mei 2024 si kilidhoofika kilipofika Mafia? Mbona Kilwa walipata mafuriko vile?

Mwandishi: Dada hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Mkasi unavunja injini ya upepo, haumwagi maji yaliyokwisha kubebwa. Yale mawingu yaliyosukumwa upande mmoja bado yamejaa, na mvua yote inalalia huko. Huku kwetu kusini mwa Ikweta mvua nzito hulala zaidi mkono wa kulia ukiwa umetazama mkasi unakoelekea. Hidaya kilidhoofika kweli, lakini barabara ya kwenda Lindi ilikatika pale Somanga. Ndo maana mtu akiniambia "kimeshakufa hicho" namuuliza kimekufa upepo au kimekufa mvua.

chief_data: Umedanganya. Hurricane Michael 2018 kule Florida kiliongezeka nguvu kikiwa ndani ya hiyo shia yako mpaka kikafika kategori 5, ile ya juu kabisa.

Mwandishi: Nimedanganya wapi? Rudi hatua ya 5, nimeandika "si sheria, ni mazoea", au macho yalikuwa yanakimbilia kukosoa? Michael kweli kilianza kwenye mkasi wa kati, lakini bahari ya Ghuba ya Mexico ilikuwa ya moto sana, kikajikusanya kikasimama wima, na baadaye mkasi wenyewe ukapungua. Mfano wako mzuri, lugha ndo mbovu.

chief_data: Basi yaishe mkuu

mzee_wa_Seeb: Assalaam alaykum. Sisi huku Oman vimbunga tunavijua kabla ya kusi kukolea na baada yake. Gonu Juni 2007, Mekunu Mei 2018 kikapiga Salalah, Shaheen Oktoba 2021 hapa Batinah. Julai na Agosti hatuvioni. Ni mkasi huo?

Mwandishi: Waalaykumu salaam mzee wangu. Ndio, na kwa maoni yangu hakuna mahali mkasi unaonekana vizuri kama huko kwenu. Kusi ikishakolea, upepo wa chini unapita pwani ya Somalia kwa kasi kubwa ukielekea kaskazini-mashariki, ndo huohuo unaowaletea Dhofar, upande wa Salalah, ukungu wa khareef, msimu wenu wa kusi. Wakati huohuo kule juu, kama kilomita 14, kuna mto wa upepo unatoka mashariki kwenda magharibi. Chora hiyo mishale miwili uone, daftari halitoshi! Halafu kusi inafukua maji baridi ya chini pwani ya Somalia na Oman, bahari inapoa. Mei na Oktoba mikono yote miwili inalegea, mlango unafunguka. Wazee wetu wa majahazi walikuwa wanafunga bahari kusi ikichacha kwa sababu zao, ila na vimbunga navyo vinaifunga.

form_six_PCM: Kwa hiyo El Niño inapunguza hurricane za Marekani kwa njia hiyohiyo?

Mwandishi: Hapohapo mwanangu. Pasifiki ikipata joto, upepo wa juu wa kutoka magharibi unazidi kwenye Karibiani na Atlantiki, na chini pale upepo wa kawaida unatoka mashariki. Ila 2023 El Niño ilikuwepo na Atlantiki wakapata dhoruba 20 zenye majina, maana bahari yao ilikuwa ya moto kupindukia. Ukiulizwa darasani taja na hiyo.

rubani_wa_bajaji: Mbona marubani nao wanaogopa hii kitu wakitua?

Mwandishi: Jina moja, ya kwao ni ndogo, upepo unageuka ghafla karibu na ardhi ndani ya muda mfupi. Ya kimbunga inapimwa kilomita kumi na ushee kwenda juu.

nahodha_mstaafu: Mimi Windy inamaliza bando, hasa hizo picha za satelaiti.

Mwandishi: Zima vile vipepeo vya upepo vinavyokimbia kwenye skrini, nenda kwenye mipangilio. Na usiku chagua picha ya infraredi, ile ya kawaida itakuonyesha giza tupu.

nahodha_mstaafu: Nimezima. Kumbe na chaji inakaa!

binti_wa_Tanga: Nimechora ya leo, nimepata 35 kuelekea kusini-mashariki, niko sawa?

Mwandishi: Ulipima nukta ngapi?

binti_wa_Tanga: Moja 🙈