Kulinda usajili wa shirika dogo la jamii: mambo niliyojifunza Masasi tangu sheria ibadilike 2019

Mwishoni mwa Juni 2019, wanachama wetu wengi wakiwa mashambani wanapulizia salfa mikorosho, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 3 ya 2019. Wakati huo nilikuwa natunza hesabu za shirika dogo hapa Masasi. Tulikuwa na kazi mbili: kuwasomesha mabinti waliokatishwa masomo, na kuwatunza wazee wasio na ndugu wa karibu. Kwa ushauri tuliopewa miaka ya nyuma, tulikuwa tumejisajili BRELA, wakala wa Serikali unaosajili biashara na kampuni, kama kampuni ya dhamana isiyo na hisa. Sheria mpya ikasema wazi kwamba shirika linalohudumia jamii bila kugawana faida mahali pake ni kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali (NGO), chini ya Sheria ya NGO ya 2002. Waliokuwa wamesajiliwa kwingine kwa kazi kama yetu walipewa miezi 2 kuhama.

Miezi 2 inaonekana mingi mpaka siku unapofungua kabati. Msajili anataka muhtasari wa mkutano wenye majina na saini za waanzilishi. Wetu haukuwepo. Mwanzilishi mmoja alikuwa amefariki, mwingine alihamia Dar es Salaam, na katiba yetu ilitaka akidi ya theluthi mbili. Wiki tatu nzima tulizitumia kumfuata mtu mmoja mmoja shambani na barua ya mwito wa mkutano mkuu maalumu. Tulifanikiwa, lakini nilijiapiza kwamba karatasi ya shirika sitaiandika tena siku inapodaiwa. Nitaiandika siku jambo lenyewe linapotokea. Mengi nitakayoeleza hapa yanatokana na uamuzi huo.

Kwanza, hakikisheni mmesajiliwa mahali sahihi

Kikundi cha kuweka na kukopa hakiendi kwa Msajili wa NGO. Kinasajiliwa kupitia halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kwenye daraja la nne, lile la vikundi vya fedha vya jamii. Makanisa, misikiti na jumuiya za dini wanashughulika na Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi za wadhamini ziko RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. NGO zinasimamiwa na Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na huku kwetu mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, ambaye ndiye Msajili Msaidizi.

Msiseme "sisi ni wadogo, hakuna atakayetuona." Kuendesha shirika bila usajili ni kosa la jinai, na Msajili ana mamlaka ya kusimamisha shughuli za shirika akisubiri uamuzi wa Bodi ya Uratibu wa NGO. Nimeona watu wenye nia njema kabisa wakijumuisha kikundi cha kukopeshana na kazi ya kusaidia yatima kwenye daftari moja na akaunti moja ya benki. Tenganisheni mapema. Mkikua, kuzitenganisha fedha za wanachama na fedha za msaada ni kazi ya machozi.

Cheti cha NGO sasa kina ukomo wa miaka 10. Chukueni cheti chenu leo, someni tarehe, muiandike kwa wino mzito ukutani pamoja na tarehe ya mwaka mmoja kabla yake. Hiyo ya mwaka mmoja kabla ndiyo siku ya kuanza kukusanya nyaraka za kuhuisha. Wajumbe hubadilika, na baada ya miaka 10 huenda hakuna hata mmoja ofisini anayekumbuka cheti kilitoka lini.

Muhtasari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mashirika madogo yanakwama hapa kuliko mahali pengine pote.

Muhtasari mzuri wa mkutano mkuu una tarehe, mahali, saa ya kufungua, orodha ya waliohudhuria na saini zao, orodha ya wasiohudhuria kwa taarifa, na hesabu ya akidi iliyoandikwa kwa tarakimu: wanachama 27, waliohudhuria 19, akidi kwa mujibu wa katiba ni 18, mkutano ni halali. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayowaokoa mwanachama akienda kulalamika kwamba viongozi walichaguliwa kinyemela. Baada ya hapo andikeni ajenda, na chini ya kila ajenda azimio. Wajumbe wengi wanapenda kuandika mjadala wote, nani alisema nini. Mjadala unaweza kuwa mistari miwili. Azimio lisiwe na utata: "Mkutano uliazimia kumwondoa mtia saini wa pili kwenye akaunti ya benki na kumweka mweka hazina mpya kuanzia tarehe fulani."

Kila ukurasa uwe na saini ya mwenyekiti na katibu. Muhuri peke yake hautoshi, maana muhuri unaweza kugongwa na yeyote mwenye ufunguo wa droo.

Na tafadhali, muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo. Sisi sasa tunafanya hivi: mkutano ukiisha, kabla chai haijamiminwa, katibu anasoma maazimio kwa sauti na watu wanasaini. Anayetaka kuwahi basi la Nachingwea anasaini kwanza. Jambo dogo hili limetupunguzia ugomvi kuliko semina zote tulizohudhuria.

Fedha zinazozidi shilingi milioni 20

Kanuni za NGO za 2018 zinasema shirika linalopata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 lina wajibu wa ziada. Mkataba na mfadhili uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kuusaini. Fedha zilizopatikana, matumizi yake na shughuli zake zitangazwe kila nusu mwaka, katika magazeti yanayosomwa na wengi na kwa njia nyingine zinazowafikia walengwa.

Siku 10 zinahesabiwa tangu kusaini. Watu wengi wanangoja fedha zisome benki, na fedha za mradi zinaweza kuchelewa miezi 2, hapo mmeshachelewa. Sisi tunaandaa barua ya kuwasilisha mkataba kabla hata mkataba haujasainiwa, nafasi ya tarehe tunaiacha wazi. Ukisainiwa asubuhi, mchana barua inatoka.

Jingine ni kukata mkataba vipande. Mfadhili akikupa milioni 24 kwa awamu mbili za milioni 12, usijiambie kwamba kila awamu iko chini ya kiwango. Hesabu jumla ya mkataba. Hata mkaguzi atahesabu hivyo, na ukijitetea kwa awamu utaonekana ulikuwa unaficha kitu ambacho hukuwa na sababu ya kukificha.

Kuhusu kutangaza, nilikuwa nikiona gazeti kama mzigo. Mwaka wa kwanza tulipobandika matumizi kwenye mbao za matangazo za kata, na kuyasoma mkutano wa kijiji, mama mmoja alisimama akauliza mbona kuna shilingi 3,600,000 za posho ya kujikimu. Nilikuwa na fomu za mahudhurio mkononi: watu 6, siku 10, shilingi 60,000 kila mmoja kwa siku, waliokwenda kufundishwa malezi ya wazee. Akahesabu kwa vidole, akakubali, akakaa. Wiki iliyofuata alileta jina la mzee aliyekuwa akilala njaa jirani na kwake. Tangu siku hiyo sioni tena kwamba kutangaza ni kwa ajili ya Serikali tu. Walengwa wana haki ya kujua zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Taarifa ya mwaka, na mfumo

Kila mwaka shirika linapeleka kwa Msajili taarifa ya kazi na ya fedha, na linalipa ada kwa kontrol namba. Kulipa ada bila kupeleka taarifa hakuwahesabu kuwa mmetimiza wajibu. Pakueni kila stakabadhi ya mfumo siku ileile, ichapisheni, iwekeni kwenye jalada.

Kosa la kawaida kabisa kwenye mfumo wa usajili wa mtandaoni: akaunti ya shirika imefunguliwa kwa barua pepe na namba ya simu ya kijana mmoja aliyekuwa akijitolea. Kijana amepata ajira Mwanza, simu amebadilisha, na nywila hakuna anayeijua. Fungueni barua pepe ya shirika, na namba ya simu iwe ya laini ya shirika. Nywila iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, bahasha isainiwe na mwenyekiti na mweka hazina, ikae kwenye sanduku la fedha. Anayeondoka anakabidhi kwa hati ya makabidhiano, hata kama alikuwa hajalipwa senti.

Kodi

Kusajiliwa kama NGO hakukufanyi usilipe kodi. Hadhi ya shirika la hisani kwa ajili ya kodi ya mapato huombwa kivyake TRA, Mamlaka ya Mapato, na TRA inaangalia kazi yenu na matumizi yenu. Hata mkiipata, kodi ya mishahara ya wafanyakazi wenu inabaki palepale na inatakiwa kufika ndani ya siku 7 za mwezi unaofuata. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri asitoe chini ya nusu yake.

Kodi ya zuio kwenye pango ndiyo inayosahaulika. Sisi tunalipa ofisi shilingi 150,000 kwa mwezi. Tunakata asilimia 10, yaani 15,000, tunaipeleka TRA, mwenye nyumba anapata 135,000 pamoja na cheti cha zuio. Mwelezeni mwenye nyumba kabla ya kusaini mkataba wa pango. Mkimwambia baadaye atadhani mnamdhulumu.

Benki wakiuliza maswali

Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi, na ikatolewa Juni 2025. Viwango vya chombo hicho vinayataja pia mashirika yasiyo ya faida. Kwa hiyo benki ikiomba nakala za vitambulisho vya wajumbe wote, katiba, cheti na muhtasari wa kubadilisha watia saini, msione ni uonevu. Kuweni na seti moja iliyo tayari, iliyothibitishwa na wakili, na muibadilishe kila uongozi unapobadilika.

Majina ya watu mnaowahudumia

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Watu wa mashirika madogo wanadhani inahusu kampuni za simu na benki. Inatuhusu sisi zaidi. Fikirieni tuna nini kabatini: majina ya watoto, hali zao za afya, ugomvi wa familia zao, picha zao. Anayekusanya na kuchakata taarifa binafsi anatakiwa kujisajili kwenye Tume, kueleza anazikusanya kwa lengo gani, na kuzilinda. Taarifa za afya na za watoto ni nyeti, zinahitaji uangalifu wa juu kuliko nyingine.

Kabla ya Novemba 2021, binti aliyepata mimba alikuwa harudi shule ya Serikali. Tulikuwa tunawapeleka mabinti kwenye masomo ya QT, mtihani wa maarifa kwa wanaosoma nje ya shule, na fomu yetu ya mahudhurio ilikuwa na safu ya "sababu ya kukatisha masomo." Kila binti aliyesaini alisoma sababu za wenzake wote. Fomu hiyo ilisambaa kwa mkaguzi, kwa mfadhili, mpaka kwa dereva aliyebeba chakula. Tulikuwa tunawasaidia huku tunawaanika, na hilo bado linaniuma.

Tulivyorekebisha: fomu ya mahudhurio ina jina, kijiji na saini tu. Sababu ziko kwenye jalada la kila binti, kwenye kabati lenye ufunguo, na wanaoshika ufunguo ni wawili. Taarifa kwa mfadhili inatumia namba badala ya jina. Picha hazichapishwi bila ridhaa ya maandishi, na kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi anasaini pia. Ridhaa inaandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, ikieleza picha itaonekana wapi, na kwamba mtu anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote.

Mwaka jana alikuja binti mmoja, sasa ana kazi na mchumba, akaomba picha yake ya zamani iondolewe kwenye kipeperushi chetu. Tulikuwa na nakala 40 zilizobaki. Tulizichana mbele yake, tukaifuta picha kwenye kompyuta, tukaandika kwenye daftari tarehe, ombi lake na tulichofanya, naye akasaini. Kisha nikapiga simu kwa mfadhili aliyekuwa na nakala, naye akathibitisha kwa barua baada ya siku 4. Barua hiyo iko kwenye jalada lake.