Mlonge: anika kivulini

Wenye mlonge uani hapa Dodoma, msianike majani juani. Jua letu la Julai linayapausha yakawa kama nyasi kavu, na vitamini A nyingi inapotea. Chuma asubuhi, suuza, kung'uta maji, kisha tandaza kwenye ungo au kitambaa safi ndani ya chumba kinachopitisha upepo. Na upepo hapa hatuuombi! Siku tatu nne tu jani linavunjika mkononi. Ondoa vijiti, twanga, chekecha, weka kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na mwanga. Mimi natia kijiko kimoja kwenye mlenda nikishaepua, si wakati unachemka.

Asiye na mti apande mbegu Desemba, mvua zikishika. Ukifika kama mita moja ukate kichwa, utatoa matawi ya kufikiwa kwa mkono. Maji yasituame, mizizi huoza. Ila mbuzi wa jirani ni shida kuliko ukame, zungushia miiba.

Mizizi na magome achaneni nayo, hasa mjamzito. Anayetumia dawa za presha au sukari amuulize daktari kwanza, maana majani yanaweza kushusha presha au sukari zaidi.