PhD ya mazoezi na lishe ukiwa Kigoma: unaanzia wapi

Watu wengi hapa Kigoma wenye digrii ya lishe, uuguzi au ualimu wa michezo wananiuliza inbox "niombe chuo gani?" Mi naona chuo kije baadaye kabisa. Kwanza jiulize unataka kujua kitu gani, maana PhD ni miaka mitatu mpaka mitano na zaidi unahangaika na swali moja, na kama swali lenyewe umeliokota tu ili upate nafasi, mwaka wa pili haujaisha utakuwa umelichoka.

Na maswali sisi tunayo mlangoni jamani. Nenda Kibirizi uwaangalie wavuvi wa dagaa. Mtu anatoka jioni, anavuta nyavu usiku, anarudi alfajiri, analala mchana. Sasa mvalishe akselerometa kiunoni, kale kamashine kanakorekodi mtikisiko wa mwili, katakwambia huyu jamaa muda mrefu alikuwa amekaa tu, kwa sababu kiuno kimetulia ndani ya mtumbwi huku mikono na mgongo ndo vinapiga kazi yote. Hapo tayari una swali la PhD: kazi ya mtu wa namna hii inapimwaje? Halafu ukimpima kipindi cha mbalamwezi, ambapo taa hazivuti dagaa vizuri na wengi wako nyumbani, utapata majibu tofauti kabisa na ya siku za giza. Mtu aliyekaa maabara ya Ulaya hilo anaweza asiliwaze kabisa, ila wewe umekua nalo. Upande wa chakula hivyo hivyo, ugali wa muhogo na mboga ya mawese watu watano sinia moja, nani kala gramu ngapi? Kupima hapo ni kazi kweli, na ndo fani yenyewe.

Na msidhani dunia haitaki mambo ya huku. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti wa Wahadzabe, hawa wawindaji wa Ziwa Eyasi, waliwanywesha maji yenye isotopu maalumu (atomi zinazoweza kufuatiliwa mwilini) kisha wakapima mkojo wao kujua mwili unatumia nishati kiasi gani kwa siku. Wahadzabe wanatembea sana, lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati yao ya siku nzima ilikuwa karibu sawa na ya watu wa nchi za Magharibi. Matokeo yale yamezua mjadala mkubwa mpaka leo. Usome, ni bure mtandaoni.

Ukishapata swali, tafuta supavaiza, yaani msimamizi wa PhD yako, mtu anayelifanyia kazi swali linalofanana na lako. Ingia Google Scholar au PubMed, mitandao ya kutafutia makala za utafiti, soma makala zake tatu nne kwa umakini, ndo umwandikie. Imeili iwe fupi: we ni nani na umesoma nini, makala yake ipi umeisoma na imekuachia swali gani, unataka kupima nini na kwa watu gani, una ujuzi gani mkononi (umeshakusanya data? unajua R au Stata, zile programu za takwimu?), na mwisho muulize kama anapokea wanafunzi mwaka ujao. Ambatanisha CV na ukurasa mmoja wa wazo lako, basi. Usianze na "I humbly request a scholarship", na usitume imeili moja kwa maprofesa hamsini, wanajua. Asipojibu, subiri wiki mbili umkumbushe mara moja kwa heshima, kisha songa kwa mwingine.

Kuhusu vyuo, hapa nchini usisake jina lile lile la "mazoezi na lishe". Angalia lishe SUA (chuo cha kilimo cha Sokoine) Morogoro au chuo cha Nelson Mandela Arusha, afya ya jamii MUHAS (chuo cha afya Muhimbili), elimu ya michezo UDSM (chuo kikuu cha Dar es Salaam), halafu unaunganisha pande mbili kwa kuwa na wasimamizi wawili. Nje ipo kwa jina hilo hilo, mfano Deakin ya Australia wana skuli nzima ya sayansi ya mazoezi na lishe.

Hela sasa. Uholanzi, Denmark na Norway PhD mara nyingi ni ajira, inatangazwa kama kazi na unalipwa mshahara, kwa hiyo angalia kurasa za nafasi za kazi za vyuo, sio za skolashipu peke yake. Marekani wengi wanalipiwa ada na posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti, na zipo programu zinazokupokea na digrii ya kwanza. Uingereza kuna skolashipu za Commonwealth (Jumuiya ya Madola), na ukitaka kubaki Afrika fuatilia DAAD, shirika la Ujerumani linalotoa skolashipu. Jamani msilipe mtu yeyote anayedai atakupatia nafasi!

Wakati unasubiri majibu, soma takwimu. Siyo utani, takwimu na fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi) ndo zinawakwamisha wengi, na R ni programu ya bure, bando tu.

Na ukishapata nafasi, panga mapema kibali cha maadili. Utafiti wa afya kwa watu unapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanaweza kukurudishia andiko urekebishe, kwa hiyo tenga miezi, usitenge wiki. Baada ya hapo barua inashuka mkoa, wilaya, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, na kwa wavuvi ukaongee pia na viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) wa mwalo husika, tena uende mchana wakishaamka.