Boila ya maji moto: namna ninavyofunga kontroli na sensa hapa Dodoma

Simu za boila huanza kunimiminikia mwezi wa tano. Bunge la bajeti linaendelea, gesti zimejaa, na ule upepo wa asubuhi unaokaza hadi Julai hauachi mtu aoge maji ya bomba. Ninazofunga mara nyingi ni boila za umeme za kilowati 9: elementi tatu za kilowati 3, kila moja na fezi yake, karibu ampea 13 kwa fezi. Upande wa nguvu sitakaa nao sana: breka ya ampea 20, waya wa milimita 4 za mraba, ethi iliyopimwa, na kazi iwe mikononi mwa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Boila nyingi ninazoitiwa zimeharibikia kwenye nyaya nyembamba, yaani za kontroli na sensa.

Kontrola ya dijitali kazi yake ni kuomba joto. Isipewe nafasi ya kuvishinda vifaa vya usalama. Kwa hiyo laini ya koili ya kontakta (swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye elementi) naitoa kwenye fyuzi ya ampea 2, naipitisha swichi ya dharura, kisha themostati ya kikomo (ile ambayo ikishakata hairudi mpaka uibonyeze kwa mkono), kisha swichi ya kina cha maji, kisha rilei ya kulinda fezi (inayokata fezi moja ikipotea), na mwisho kabisa kontakti ya kontrola, ndipo ifike A1, ncha moja ya koili. Nyutro inakwenda A2, ncha ya pili, moja kwa moja. Kimoja kati ya hivyo kikiachia, kontakta inaachia na kukata umeme, hata kama kontrola imeganda. Utakuta paneli ambazo themostati ya kikomo imeungwa ili iwashe taa nyekundu tu. Hilo ni pambo.

Swichi ya kina cha maji pima kwa mita kabla hujaifunga: boya likiwa juu saketi ifunge, likishuka ikate. Maboya mengi yanageuzika, na ukiligeuza kazi yake nayo inageuka. Sababu ya kutaka hivyo ni kwamba panya akitafuna waya, boila izime, isiendelee kuchemsha tangi kavu.

Sasa sensa. Natumia PT100 ya nyaya tatu, sensa ambayo ohmu zake hupanda joto likipanda. Nyaya mbili za rangi moja, mara nyingi nyekundu, ukizipima zenyewe kwa zenyewe mita inakaribia sifuri. Nyekundu na nyeupe, kwenye chumba cha nyuzi 25, zinasoma kama ohmu 110. Ukirefusha, refusha zote tatu kwa waya wa unene mmoja. Ukiongeza mbili tu, kontrola itasoma joto ambalo halipo. Usizipitishe bomba moja na nyaya za elementi. Kebo ikiwa na wavu wa chuma, wavu huo upeleke ethi upande wa paneli peke yake.

Mafundi wengi huitupa sensa isiyo na ubovu wakiichovya kwenye maji yanayochemka wakaona 96. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Sensa inasema kweli! Mita ikikuonyesha ohmu 137, ifunge bila wasiwasi. Jambo hilohilo linagusa themostati ya kikomo: boila yenye tangi la wazi lililo juu kidogo tu, ukiiacha kikomo chake kwenye 100, maji yanaweza kuchemka kabla haijakata. Mimi naweka 85, na kontrola naiseti 60. Valvu ya usalama inabaki palepale, hakuna sensa inayochukua nafasi yake.

Ncha ya sensa ifike mwisho wa mfuko wake (kibomba cha chuma kilichozibwa mwisho, kinachoingia kwenye maji), ukiwa umepaka grisi ya kupitisha joto. Maji yetu ya visima vya Makutupora yanaacha ukoko mweupe. Fungua chuma chochote kilichokaa humo utauona. Ukoko ukizidi juu ya mfuko, sensa inachelewa kujua kwamba maji yamepata moto. Mwambie mwenye gesti kabisa kwamba kusafisha ni sehemu ya gharama.

Kabla ya kuondoka zima umeme, chomoa waya mweupe wa sensa, kisha washa tena. Kontrola ionyeshe hitilafu na kontakta isishike. Zima, rudisha waya, sasa unganisha nyekundu na nyeupe kwa kipande cha waya, uone tena. Hii ya pili wengi wanairuka, na ndiyo ya hatari kwa PT100, maana ikishorti inasomeka kama baridi kali na kontrola ya bei rahisi itapasha bila kukoma. Kwa sensa za NTC, ambazo ohmu zake hushuka joto likipanda, mambo ni kinyume: waya ukikatika ndipo inaona baridi. Baada ya hapo shusha themostati ya kikomo chini ya joto la maji yaliyomo, isikie ikikata, irudishe 85, ibonyeze. Shusha na boya kwa mkono.

Chora saketi kwa kalamu isiyofutika, andika ohmu ulizopima, na ubandike ndani ya mlango wa paneli.