Jinsi ya kupitia Uwanja wa Ndege wa Madurai ukielekea Hekalu la Meenakshi

Kabla ya kulipia tiketi ya kwenda Madurai, mji wa mahekalu katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, tazama kwanza saa za Hekalu la Meenakshi Amman, ndipo utazame nauli. Milango ya hekalu hufungwa yapata saa sita na nusu mchana na kufunguliwa tena saa kumi jioni, hivyo anayetua saa tano asubuhi huenda akaishia kusimama juani. Mimi ningechagua ndege ya alasiri, ili nipumzike kidogo kisha niwahi ibada ya saa tatu usiku, ambapo sanamu ya Sundareswarar, yaani mungu Shiva, hubebwa kwa machela hadi chumbani kwa mkewe, mungu wa kike Meenakshi.

Msafiri atokaye Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuruka moja kwa moja hadi Mumbai, na hapo ndipo penye kazi. Uhamiaji na forodha humalizwa Mumbai, mizigo huchukuliwa na kukabidhiwa upya, kwa hiyo acha saa nne au zaidi kati ya ndege mbili. Ikiwa tiketi ya ndani umeinunua kando, soma masharti ya mizigo, kwani ndege za ndani mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, na kila kilo inayozidi hulipiwa. Cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi, nayo chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari.

Uwanja wa Madurai uko kusini mwa mji, yapata kilomita 12 kutoka kituo kikuu cha reli. Nje utapata teksi na bajaji, zile zile tuzijuazo, maana jina hilo tumelipata kwa kampuni ya India. Patana bei kabla ya kupanda, na uwe na anwani iliyoandikwa, kwani lugha ya huko ni Kitamil.

Pitia hotelini kwanza uache mizigo na simu, kwa sababu simu haziruhusiwi hekaluni. Funika mabega na magoti, vua viatu, na ukiwa si muumini wa Kihindu, tembelea kumbi bila kuingia patakatifu pa ndani.

Siku ya kurudi, shika tiketi na pasipoti tangu mlangoni mwa uwanja wa ndege, kwa kuwa askari hamruhusu mtu kuingia bila hivyo, na kaunta za mizigo kwa kawaida hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuondoka.