Kubandua nembo ya gari bila kuchuna rangi

Bisibisi weka mbali. Mikwaruzo mingi ninayoikuta chini ya nembo imeachwa na bisibisi au kisu cha mtu aliyekuwa na haraka.

1. Osha buti la gari penye nembo, likaushe. Bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi juu na chini ya maandishi, kisha utie alama ya penseli pale kila herufi inapoanzia na kuishia. Piga na picha. Herufi ikirudi imepinda milimita mbili tu, mwenye gari ataiona kila asubuhi.

2. Pasha kwa drayer ya nywele, ukiitembeza kwa dakika mbili hivi. Kipimo changu ni kiganja: bati liwe la moto, lakini mkono uvumilie. Gari lililopigwa rangi upya lipunguzie moto, maana rangi hiyo huinuka upesi.

3. Vaa glovu, uchukue uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Upitishe nyuma ya nembo, uvute huku na huku kama msumeno, ukiuegemeza kwenye nembo wala si kwenye rangi. Ukikwama ghafla, simama! Nembo nyingine zina vijiti vya plastiki vinavyoingia kwenye matundu ya bati. Kata gundi pembeni mwa vijiti, kisha vuta nembo ikujie moja kwa moja, bila kuipinda.

4. Gundi iliyobaki ipashe tena na uisukume kwa kidole gumba; itajiviringa kama uchafu wa kifutio. Utando utoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, halafu maji ya sabuni. Thina hapana, italainisha rangi yenyewe. Ukiona kivuli cha nembo, ni rangi ambayo haikupigwa jua. Polishi hukipunguza tu.

5. Kurudisha: tepu ya povu ya pande mbili, ile ya magari. Supaglu ikishika, siku ya kuibandua itaondoka na rangi. Kata tepu ukiwa mezani, kamwe si juu ya gari. Futa bati kwa spiriti, fuata alama zako, gandamiza kila herufi sekunde kumi na tano.

Gundi hizi huchukua kama saa 72 kushika kikamilifu, kwa hiyo usioshe gari. Mteja wangu mmoja alipitia kwa waosha magari jioni ileile. Kesho yake alirudi na herufi moja mfukoni, nyingine hakujua imedondokea wapi.