Jinsi ya kutoa studio yenu ya gemu kwa X bila kupoteza wachezaji

Tangu Elon Musk anunue Twitter Oktoba 2022 na kuiita X mwaka uliofuata, baadhi ya watengenezaji gemu wamefunga akaunti zao rasmi huko, na hata mashine za kuchezea gemu ziliondoa ile njia ya kutuma picha huko moja kwa moja, Xbox na PlayStation 2023, Nintendo Switch Juni 2024. Kama mko na studio hapa Nairobi na mmeshaamua kutoka, sina neno, lakini tafadhali msifute akaunti usiku huu mkiwa na hasira.

Kwanza ombeni nakala ya data yenu kwa settings. Inakuja kama faili ya zip na inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, so iombeni mapema. Ndani mtapata posti, picha na meseji, na hizo meseji msizidharau juu ndiko wachezaji wamekuwa wakiwaambia gemu inakwama wapi.

Halafu tengenezeni pa kuhamia kabla ya kutangaza chochote. Website yenu iwe ndio nyumbani, hata kama ni ukurasa mmoja tu kwa domain (anwani ya website) ya .co.ke. Bluesky, mtandao unaofanana na X, iko wazi kwa kila mtu tangu Februari 2024 na inakuruhusu kutumia domain kama jina la akaunti, unaweka rekodi moja ya TXT (mstari mfupi wa maandishi) kwa DNS, yaani settings za domain, basi, na mtu akiona hilo jina anajua ni nyinyi. Kwa wachezaji wa hapa mimi ningeanza na chaneli ya WhatsApp, juu Discord, ile app ya wachezaji kupiga gumzo, ni nzuri lakini inakula bando, na mwanafunzi wa mtaa wa Umoja ananunua bando ya shilingi ishirini. Chaneli haionyeshi namba yako. Shida ni kwamba si mahali pa mazungumzo, kwa hivyo wekeni na email ya malalamiko.

Sasa kazi yenyewe ni kusaka linki za zamani, na hapa ndipo sisi tuliumia. Tulibadilisha website, tukabadilisha ukurasa wa Steam, lile duka la gemu za kompyuta, tukajua tumemaliza. Miezi miwili baadaye, tukionyesha gemu pale Ngong Road, kijana mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo akanionyesha kitufe cha ndege wa bluu, ile nembo ya zamani ya Twitter, kwa menyu yetu, akabonyeza, ikafungua ukurasa hauna kitu. Akaniambia alikuwa anatafuta pa kusema levo ya tatu inamfungia gemu, akakosa, akaacha kucheza. Iliniuma sana. Kwa hivyo angalieni ndani ya gemu yenyewe, Play Store, itch.io (duka lingine la gemu), press kit (faili za waandishi wa habari), trela za YouTube, saini za email, hadi zile stika mlichapisha River Road. Kitufe cha ndani ya gemu kielekezeni kwa ukurasa wa website yenu, siku mkihama tena hamtahitaji kutoa apdeti.

Posti ya kuaga iwe fupi: “Kuanzia tarehe 1 hatutajibu hapa. Habari za gemu na msaada ziko kwa website yetu.” Ipin, yaani ibandike juu kabisa ya akaunti, kisha irudieni asubuhi na jioni kwa wiki kama nne, juu wengi hawataiona mara ya kwanza.

Akaunti yenyewe iacheni tu ikae kimya, msiizime wala msiifute. Ukiizima, baada ya siku 30 inafutwa kabisa, na jina likiachwa wazi tapeli anaweza kulichukua aanze kuuza namba feki za kufungulia gemu kwa jina lenu. Msibadilishe jina pia, ni hatari ile ile. Badilisheni paswodi, zimeni programu zote zinazoposti zenyewe, halafu wekeni ulinzi wa hatua mbili kwa app ya kutoa namba za kuingilia, juu ule wa SMS tangu Machi 2023 ni wa wanaolipia. X inataka uingie angalau kila siku 30, so sisi alamu iko kwa simu ya yule analipia domain: kila tarehe moja na kumi na tano anaingia, anasoma meseji, anamwelekeza aliyepotea, anatoka.